Kuunga kongosho kwa matundu madogo: tezi ikiwa laini, mshono gani mnauamini?

Msindano_Mashariki anauliza:

Habari zenu wakuu.

Mimi ni daktari wa upasuaji, niko mashariki ya Uganda, upande ule ambao alfajiri unauona mlima Elgon wote, na ikifika saa nne mawingu yameshaumeza. Thieta yetu inaongea Kiswahili: sista anayenipa vyombo ni Mlugbara kutoka Arua, mtu wa dawa ya usingizi ni Mgisu, mimi ni Msamia. Kwa hiyo swali langu naliuliza kwa lugha ile ile tunayoombeana koleo na uzi.

Kwa miaka minne sasa tunatoa mifuko ya nyongo na vidole tumbo kwa kamera, na mikono imezoea. Mwaka jana nilikaa India miezi sita nikaangalia upasuaji wa Whipple, ule wa kutoa kichwa cha kongosho, ukifanywa kwa matundu matano, bila kupasua tumbo, ila kidirisha kimoja tu cha kutolea uvimbe. Kukata nilikuelewa. Kuunga ndiko kulikonikosesha usingizi.

Kwa wasiokaa thieta: ukishatoa kichwa cha kongosho pamoja na duodeni na mwisho wa mrija wa nyongo, unabaki na ncha tatu zinazoning'inia. Unaunga kongosho na utumbo mwembamba, unaunga mrija wa nyongo na utumbo huo huo, halafu unaunga mfuko wa chakula. Mbili za mwisho mara nyingi hupona zenyewe hata mkono ukiwa wa kawaida. Ile ya kwanza ndiyo inayoua. Kongosho hutoa kama lita moja na nusu ya maji kwa siku, na kazi ya maji hayo ni kumeng'enya nyama. Yakipenya kwenye mshono, nyama yanayoikuta ni ya mgonjwa mwenyewe.

Nieleze kwa nini nauliza. Kabla sijaja hapa nilikuwa hospitali nyingine, nikafanya Whipple ya kupasua kwa mama mmoja muuza samaki wa miaka hamsini na tatu. Kongosho yake ilikuwa laini, mfereji wake wa kutolea maji hayo milimita mbili. Niliunga mfereji na utando wa ndani wa utumbo kwa nyuzi nyembamba za 5-0, nikazungushia safu ya nje kwa 4-0, nene kidogo. Nilipokaza fundo la tatu la safu ya nje niliuona uzi ukizama. Mmewahi kuona duka la rejareja wanavyokata mche wa sabuni kwa waya? Vile vile. Haukutoa sauti, haukutoa damu, ulizama tu, na palipokuwa na mshono pakabaki mchirizi. Nikaongeza uzi mwingine pembeni, nao ukafanya hivyo hivyo.

Siku ya tatu maji ya kwenye dreni, mrija wa kutolea maji tumboni, yaligeuka rangi, yakawa kama chai ya rangi iliyolala. Amilesi yake, kimeng'enya cha kongosho, ilikuwa maelfu. Tukasubiri, kwa kuwa homa haikuwa kali na mama alikuwa anakaa kitandani akiongea na mabinti zake. Asubuhi ya siku ya kumi nikaona damu kwenye mrija, haikuzidi kijiko kimoja. Niliandika kwenye faili "kiasi kidogo, tuangalie". Usiku wake mshipa ulipasuka na hatukumfikisha thieta.

Sasa nina kijana wa miaka thelathini na nne, mwalimu wa msingi, ana uvimbe kwenye mlango wa nyongo, pale mrija wa nyongo unapoingia kwenye duodeni. CT skani inaonyesha mfereji wa kongosho milimita tatu na tezi iliyojaa, haina makovu. Manjano yake imeshuka baada ya kuwekewa stenti. Amesoma kwenye simu yake kwamba siku hizi upasuaji huu hufanywa kwa matundu na ananiuliza kama naweza.

Wakuu, mkifanya kwa kamera, kongosho laini kama hii mnaiunga kwa mshono wa Blumgart, mnaitumbukiza ndani ya utumbo, au mnaipeleka kwenye mfuko wa chakula? Na mnazuiaje uzi usizame, wakati koleo ndefu haikupi hisia ya kidole?

---

Mzee_wa_Kisu (Kampala) anajibu:

Kijana wangu, pole kwa yule mama. Kijiko kile cha damu nami nimewahi kukiona, na nitakurudia hapo chini.

Umeanza na mshono. Mimi nianze na tezi. Mwaka 2013 Callery na wenzake wa Marekani walitoa kipimo cha hatari ya kuvuja chenye mambo manne: ulaini wa tezi, upana wa mfereji, aina ya ugonjwa, na damu iliyopotea mezani. Mtu mwenye saratani ya kichwa cha kongosho mara nyingi tezi yake imekauka, ngumu kama muhogo, na mfereji umepanuka kwa kuzibwa muda mrefu. Huyo unamshona vizuri hata umechoka. Uvimbe wa mlango wa nyongo ni kinyume chake. Mwalimu wako ameshabeba alama tatu kati ya hizo nne kabla hujashika kisu. Iliyobaki mikononi mwako ni ya nne, damu.

Mshono nao. Ule wa Blumgart umeundwa kwa ajili ya tatizo lako la sabuni. Uzi hauchomwi pembeni ya tezi kwa kuikwaruza juu juu. Unapita unene wote, mbele hadi nyuma, unashika ganda la utumbo, unarudi nyuma hadi mbele kama herufi U. Unaweka nyuzi tatu au nne namna hiyo, mmoja juu ya mfereji na mmoja chini yake, ukichunga usiuchome mfereji wenyewe. Hufungi bado. Unaunga kwanza mfereji na utando wa utumbo kwa 5-0, mishono ya peke yake peke yake, halafu sindano zile zile za nje unazipitisha kwenye utumbo upande wa mbele na kukaza. Utumbo unaifunika ncha ya kongosho mbele na nyuma, na fundo linalalia utumbo, ambao ni mgumu, badala ya kulalia tezi. Wajapani wa Nagoya wamepunguza nyuzi za nje zikawa moja hadi tatu, na kwa kazi ya kamera hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa kila uzi unaoning'inia ndani ya tumbo lililojaa gesi utakusumbua.

Wazo la kugawa nguvu ya kukaza ni la zamani hapa kwetu. Msafiri Mwingereza Felkin alipoandika upasuaji wa uzazi aliouona Kahura, Bunyoro, mwaka 1879, alieleza jinsi mganga alivyofunga jeraha: vijiti saba vya chuma vilivyong'arishwa vimepita kingo mbili, na kamba ya gome la mti ikazungushwa juu yake. Chuma ndicho kilichobeba mkazo, ngozi haikukatwa. Nilikuwa nawaeleza hilo wanafunzi wangu kabla ya kuwaonyesha mshono wa U.

Kupeleka kongosho kwenye mfuko wa chakula: Wajerumani waliwagawa wagonjwa 320 kwa kura na matokeo yakatoka 2016, kuvuja asilimia 20 kwa mfuko wa chakula na 22 kwa utumbo. Hakuna tofauti ya kukufanya ubadili unachokijua.

Sasa matundu. Wapasuaji Gagner na Pomp waliandika Whipple ya kwanza ya kamera mwaka 1994. Uholanzi walifanya jaribio la LEOPARD-2, la kulinganisha kamera na kupasua, na wapasuaji waliofunzwa maalumu, kila mmoja akiwa ameshafanya angalau 20 za kamera. Walilisimamisha kabla ya wakati. Upande wa kamera walikufa kwa madhara ya upasuaji watu watano kati ya 50, upande wa kupasua mmoja kati ya 49. Halafu Wachina mwaka 2021, hospitali 14, wagonjwa 656, vifo vikalingana, asilimia 2 kila upande. Lakini soma masharti yao: kila mpasuaji alikuwa ameshafanya si chini ya 104. Na faida waliyoipata ni siku 15 wodini badala ya 16.

Siku moja, kijana wangu.

Hospitali zetu huku mikoani, Whipple za njia zote mbili unaweza kuzihesabu kwa vidole mwaka mzima. Kwa hiyo huyu mpasue. Na siku utakapoanza kamera, kumbuka kwamba uvimbe lazima utoke kwa kidirisha. Kiweke kidirisha hicho juu ya kongosho, sentimita saba au nane, ukaunge kwa mkono wako kupitia hapo. Kukata kwa kamera, kuunga kwa vidole. Wengi walianza hivyo.

Na kile kijiko. Kongosho ikivuja halafu ukaona damu kidogo kwenye dreni baada ya siku kadhaa, hiyo ni hodi. Maji yanakula kisiki cha ateri ya gastroduodeni, mshipa uliokatwa ulipotoa kichwa cha kongosho. Siku hiyo hiyo mgonjwa apigwe CT ya mishipa au arudi thieta. Kabla ya kufunga tumbo, chukua ule utepe wa ini unaotoka kitovuni, ulaze juu ya kisiki cha ateri ili kitenganishwe na mshono. Ni kazi ya dakika tano.

---

Sista_Uzi (magharibi) anajibu:

Madaktari, shikamooni. Mimi ni sista wa thieta hospitali ya misheni, miaka kumi na saba nasimama upande wa vyombo. Daktari ameuliza uzi usizame vipi, mimi nitasema habari za uzi wenyewe.

Kwa kamera tunakata nyuzi kabla hazijaingia. Za mfereji sentimita 12, za nje 15 mpaka 18. Ukiingiza uzi mzima kutoka kwenye pakiti, utajizungusha kwenye kila koleo na mpasuaji ataanza kuvuta kwa hasira, na akivuta kwa hasira ndipo tezi inakatika. Tukiwa na za aina mbili tunapishanisha rangi, mmoja wa zambarau, mmoja usio na rangi, ili kwenye skrini ajue uzi upi ni wa nyuma na upi ni wa mbele. Kila sindano inayoingia naiandika ubaoni kwa sauti, na inayotoka naifuta. Sindano ya 5-0 ikidondoka nyuma ya utumbo mtakaa saa nzima mnaitafuta.

Stenti ya mfereji sisi tunatumia mrija wa kulishia watoto wachanga namba 5. Unene wake ni chini kidogo ya milimita mbili, unaingia hata mfereji mdogo. Tunakata kipande cha sentimita tano, sita, nusu ndani ya kongosho, nusu ndani ya utumbo, na baadaye hutoka wenyewe na choo. Kazi yake kubwa naiona pale mezani: sindano ya mbele haiwezi kushika ukuta wa nyuma kwa bahati mbaya.

Na daktari akikata kongosho kwa kile kisu cha mtetemo, akikaribia mfereji abadilishe, akate kwa mkasi baridi. Nimeshuhudia mfereji wa milimita mbili ukifungwa na joto, wakautafuta mpaka jasho likaloanisha barakoa.

Umeme. Jenereta yetu huchukua sekunde kumi na mbili kuwaka. Tumekubaliana thietani: taa ikizima, mikono yote inaganda ilipo, hakuna anayetoa koleo. Mtungi wa pili wa gesi uwe umeshafunguliwa kofia.

---

Dkt_Ziwani (Mwanza) anajibu:

Kaka, namuunga mkono Mzee kuhusu kupasua, lakini kuhusu mshono nina neno. Tezi laini yenye mfereji mdogo mimi naitumbukiza. Mwaka 2009 Wamarekani wa vituo viwili walilinganisha kwa kura watu 197: kuunga mfereji na utando walivuja asilimia 24, kutumbukiza asilimia 12. Unaiachanisha ncha ya kongosho na mishipa ya nyuma kama sentimita mbili, unafungua utumbo upana wa ncha hiyo, unaiingiza yote. Hata yale maji yanayotoka kwenye vijifereji vya pembeni, ambavyo mshono wa mfereji hauvigusi, yanaishia ndani ya utumbo. Ubaya wake ni kwamba ncha ya kongosho inaweza kutoka damu humo ndani na usiione mpaka choo kiwe cheusi. Kwa hiyo kila kimshipa cha kwenye ncha nakifunga kimoja kimoja kwanza, sikiamini cha kuchomwa.

---

Mzee_wa_Kisu anajibu:

Dkt Ziwani, nimekubali hoja yako, na kama ndiyo mshono ulioshika mkononi usiuache. Yangu ni hiyo tu: mtu achague mmoja, aurudie mpaka msaidizi wake aujue bila kuambiwa. Anayebadilisha mshono kila mgonjwa hajawahi kuujua hata mmoja.

Msindano, kabla ya mwalimu, shona nyumbani. Chukua ndizi ya bogoya iliyoiva, usiimenye yote, pitisha mrija wa mtoto katikati yake, uunge na utumbo wa mbuzi ndani ya boksi lenye kamera. Bogoya haidanganyi. Ukikaza zaidi ya inavyotakiwa, unaona mchirizi hapo hapo.

---

Msindano_Mashariki anajibu, wiki saba baadaye:

Wakuu, samahani kwa kimya. Narudi na taarifa.

Boksi nilitengeneza kwa beseni la plastiki lililogeuzwa, matundu mawili ya koleo, na kamera ya kompyuta iliyofungwa kwa plasta. Matumbo ya mbuzi nilinunua kwa mchinjaji wa sokoni, ambaye sasa akiniona huniwekea kando. Bogoya ya kwanza ilikatika vipande vitatu. Ya pili pia. Nilikuwa navuta uzi kuelekea kwangu, kama ninavyofanya kwa mkono. Usiku wa nne nikagundua kwamba kwa koleo ndefu ukivuta kuelekea kwako unainua uzi juu ya tezi na kuikata. Koleo zote mbili lazima zilale sambamba na ndizi, zitanuke kushoto na kulia, na utumbo ndio usogezwe kwenda kwenye ndizi. Tangu hapo mchirizi ulipungua. Mshono mzima wa Blumgart ulinichukua saa moja na dakika hamsini mara ya kwanza. Jana usiku, bogoya ya ishirini na tatu, saa moja na dakika tano, nyuzi tatu za nje na sita za mfereji, bila mchirizi.

Mwalimu nilimpasua. Nilimweleza mbele ya mke wake kwa nini, pamoja na habari za yule mama, nikamwambia kovu litaanzia chini ya kifua. Akauliza swali moja tu, kama ataweza kuandika ubaoni akiwa amesimama. Kongosho yake ilikuwa laini kama nilivyohofia. Tulipoteza damu mililita mia tatu. Nyuzi nne za U, mrija namba 5 ndani ya mfereji, utepe wa ini juu ya kisiki cha ateri. Nilipokaza fundo la kwanza nilishusha utumbo hadi kwenye tezi kama nilivyofanya kwenye beseni, na uzi ukakaa juu. Sista wangu, ambaye tulikuwa naye hospitali ile ya zamani siku ya muuza samaki pia, aliuangalia kisha akanipa uzi wa pili bila kusema kitu.

Amilesi ya dreni siku ya tatu ilikuwa 140, na kikomo cha juu cha maabara yetu ni 100, mbali sana na maelfu ya yule mama. Nilitoa dreni siku ya tano asubuhi. Siku ya kumi nilikaa wodini hadi saa sita usiku, ingawa hapakuwa na mrija tena wa kuangalia. Alilala. Siku ya kumi na tatu alienda nyumbani, na maabara ya tishu imeandika kingo safi.

Wiki ijayo tuna mgonjwa wa kuungiwa mfuko wa chakula na utumbo kwa kamera. Huo ndio mshono wangu wa kwanza wa ndani kwa matundu. Dkt Ziwani, nikimaliza hiyo nitaomba unitumie video ya jinsi unavyofunga vile vimshipa vya kwenye ncha, nataka niujaribu na mshono wako kwenye beseni.